Mhadhara wa Elimu ya Sauti, kama Ulivyotolewa Barazani Ndia Kuu

Waheshimiwa masharifu, maami na wajomba mliokaa kitako, mama zangu mlioko roshani mkijifanya mwaanika leso, vijana mliosimama kwa kuwa baraza imejaa, na nyinyi wengine mliosimama ili mpate kuondoka upesi: nisikilizeni. Nimeombwa nizungumze leo. Aliyeniomba ni mimi mwenyewe, na kwa kuwa ombi limetoka kwa mtu mwenye hadhi, sikuona adabu kulikataa.

Kwa faida ya wageni, nijitambulishe. Mimi ndimi Mtaalamu Mkuu wa Sauti, Ndia Kuu na Vitongoji Vyake. Cheo hiki sikupewa na chuo. Vyuo vina foleni, na mwenye elimu ya kweli hana subira ya foleni. Nimekipata kwa kukaa karibu na spika za harusi tangu zama za kaseti, na sikio langu la kushoto, ambalo siku hizi halisikii sawasawa, ndilo shahada yangu. Hii hedifoni mnayoiona shingoni mwangu waya wake umekatika. Naivaa kwa heshima ya taaluma.

Muuza kahawa, hebu tulia na vikombe vyako. Mlio huo ni kilohezi nne na kitu, unaingia moja kwa moja katika maneno yangu. Nitilie kimoja, halafu unyamaze.

Mada yetu ni hii: mwenye kompyuta inayotumia Linux achague programu gani ya kuhariri sauti? Najua wako waliokuja wakidhani nitazungumzia siasa. Siasa ina wataalamu wengi barazani hapa, wote wamekaa upande ule. Linux ina mimi.

Chanzo cha mhadhara ni kijana mmoja wa mtaa huu. Jina lake nalihifadhi, maana mamake yuko juu pale anasikiza. Kijana huyu amerithi kwa bibi yake sanduku la kaseti za taarabu. Mna marehemu Juma Bhalo na sauti yake ya Kihindi, mna marehemu Zein l'Abdin na udi wake, mna Zuhura Swaleh, mna Maulidi Juma. Nyingine zilinunuliwa Mbwana Radio, pale Pigott Place, zikiwa na karatasi zake. Nyingine zilirekodiwa harusini na jamaa aliyeweka redio-kaseti juu ya kiti, na ndani yake mwasikika watoto, vigelegele, na mtu anayeuliza pilau imefika wapi. Kijana anataka kuzitia zote katika kompyuta, azisafishe, azikate vipande vipande, kila wimbo peke yake, awatumie jamaa zake walioko Muscat na London. Nia njema. Lakini badala ya kunijia mimi, akaenda kwanza kwa fundi wa redio, yule mzee wa kichochoro cha pili mwenye meza iliyojaa redio zisizo na mifuniko.

Fundi akamjibu kwa maneno manne: "Safisha kichwa kwanza, mwanangu."

Maneno manne! Swali lile lile mimi ninalo jibu la saa moja na nusu. Isitoshe, nilipoletewa habari hiyo nilimtazama kijana nywele zake, nikaziona safi kabisa. Basi hivyo ndivyo watu wasiosoma wanavyojibu maswali ya teknolojia.

Tuanze na historia, kwa maana mhadhara usio na historia ni mazungumzo tu.

Kuhariri sauti katika mwambao wetu kunaanzia pale ambapo hakukuwa na kuhariri. Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 akarekodiwa na His Master's Voice, sauti ilichorwa katika nta na ikabaki ilivyo. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu na ushei. Mpiga udi akiteleza, au mtu akikohoa, nta ile haikufaa tena, na wimbo ulianzwa upya tangu mwanzo. Wako wanaoliita jambo hilo umahiri. Mimi naliita ukosefu wa vitufe vya Ctrl na Z. Baadaye zikaja kanda za utepe mpana, za redioni. Fundi aliusogeza utepe kwa mkono mbele ya mashine mpaka akaipata silabi aitakayo, akatia alama kwa penseli, akakata mshazari kwa wembe, akaunga kwa utepe wenye gundi. Aliyekosea alipiga magoti sakafuni kutafuta nusu ya neno. Santuri zilitoka kwa akina Assanand wa hapa Mombasa, wenye lebo ya Mzuri. Kisha kaseti ikaja ikawafunika wote. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ikatoa sahani ya Zein na ya Maulidi, na Wazungu wakazisikiza kwa makini zaidi kuliko sisi tuliokuwa tukila pilau huku zikipigwa.

Sasa, kompyuta. Kompyuta duniani zina makabila matatu.

Kabila la kwanza ni Mac. Mwenye Mac hupata GarageBand bure, tangu mwaka 2004, na akiwa na dola mia mbili za kuchezea hupata Logic. Logic hii ilikuwa mali ya Wajerumani wa kampuni ya Emagic, na ilifanya kazi hata kwenye Windows, mpaka Apple ilipoinunua kampuni nzima mwaka 2002 na wenye Windows wakaambiwa kwaheri. Mimi sina Mac. Kwa hiyo naipinga kwa misingi ya kitaaluma.

Kabila la pili ni Windows, na hapo ndipo vijana wengi wa Afrika Mashariki walipojifunzia kazi. Nani asiyeikumbuka Cool Edit? Kijani kibichi juu ya weusi, wimbi la sauti laruka kama... haidhuru. Ilitengenezwa na kampuni ndogo iitwayo Syntrillium. Mwaka 2003 Adobe ikalipa dola milioni 16.5, ikaibatiza Audition, na siku hizi hulipiwa kila mwezi. Mwezi usipolipa, huingii. Kisha iko FL Studio ya Wabelgiji wa Image-Line, iliyoanza ikiitwa FruityLoops, ambayo ukiinunua mara moja wapewa matoleo yote mapya maisha yako yote bila kuongeza senti. Studio za vyumbani, kuanzia Kisauni mpaka Dar es Salaam, hazilali bila hiyo. Nauliza swali: wangapi hapa wanaitumia? Naam, naona mikono mingi. Wangapi wameinunua? Naona mikono imeshuka. Hata ami aliyekuwa akinyoosha mgongo ameushusha.

Kijana wetu alikuwa wa kabila hilo. Kompyuta yake ni mtumba, imeshuka bandarini baada ya kuzeeka ofisini Ulaya. Ilikuwa na Windows 10, na Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo ikaikagua kompyuta ile, ikaikuta haina ile chembe ya usalama iitwayo TPM 2.0, ikaikataa. Mashine nzima, kioo kizima, kibodi nzima, imefukuzwa kwa kukosa karatasi. Hapa Mombasa hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Ndipo binamu yake akamtilia Ubuntu, na akaingia kabila la tatu, la Linux, ambalo mizizi yake ni mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991. Ubuntu yenyewe ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mtu huyu miaka miwili kabla alikuwa amekwenda angani kwa nauli yake mwenyewe. Nawaomba mzingatie: alikwenda mbinguni, akarudi, akaona kinachohitajika duniani ni mfumo wa kompyuta wa bure. Mimi nimekwenda mpaka Mtwapa nikarudi na rai ileile.

Linux haimtozi mtu pesa. Humtoza muda. Ukiipa kompyuta ya Linux waya wa sauti, kwanza yauliza swali: sauti ipite kwa nani? Iko ALSA chini kabisa, yenye kuzungumza na kadi ya sauti. Juu yake palikuwa na PulseAudio kwa watu wa kawaida na JACK kwa watu wa studio, na wawili hao hawakupikika chungu kimoja. Watu wamepoteza siku za maisha yao wakiwapatanisha. Siku hizi amekuja PipeWire, ambaye Ubuntu imemkalisha katika kiti tangu toleo la 22.10, naye anafanya kazi za wote wawili. Kwa hiyo mateso niliyoyasomea yameondolewa, na vijana wa leo hawatapata kuteseka kama nilivyokusudia kuwasimulia. Nayasikitikia.

Tuje kwenye programu zenyewe. Nimeziainisha kwa hadhi.

Ya hadhi ya juu kabisa ni SoX, ya mwaka 1991. Haina vitufe, haina picha, haina wimbi la kutazama. Wafungua dirisha jeusi, waandika amri, na sauti yakatika. Mtu akipita nyuma yako adhani wafanya kazi ya benki. Mimi hupendekeza SoX kwa kila mtu, kwa sababu hakuna anayerudi kuniuliza swali.

Inayofuata ni Ardour. Mwasisi wake ni Paul Davis, aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa programu wa mwanzo kabisa wa Amazon, na huyohuyo ndiye aliyeileta JACK. Ardour ni studio kamili: traki kwa traki, mita za kupimia, mlango wa kila ala. Msimbo wake ni wa bure. Ukitaka iliyokwisha kupikwa na wenyewe waichangia kidogo, au waichukua kutoka ghala la Ubuntu bila malipo. Kijana akaifungua, akaikuta yauliza maswali manane kabla haijatoa sauti. Kaseti yake ina traki mbili, kushoto na kulia, na zote mbili ni yule jamaa aliyeweka redio juu ya kiti. Nikamwambia usijali, programu ikiwa kubwa nawe unaonekana mkubwa.

Kisha Reaper. Huyu ni wa Justin Frankel, mtu yule aliyetupa Winamp mwaka 1997, wakati kompyuta moja ya mtaa ilikuwa na nyimbo arobaini na foleni ya watu mlangoni. Reaper ni nyepesi, yafanya kazi kwenye Linux bila mganga, na wapewa siku 60 za kuijaribu. Zikiisha haikufungii mlango. Yakukumbusha tu kwa upole kwamba hujalipa. Leseni ya mtu wa kipato cha kawaida ni dola 60. Ni mfumo unaotegemea haya ya mtumiaji, na ndiyo sababu nimesita kuipendekeza barazani hapa.

Iko njia nyingine ambayo vijana hunong'onezana: programu ya kukuwezesha kufungua FL Studio ya Windows ndani ya Linux. Jina la programu hiyo sitalitamka mbele ya masharifu. Wanaoijua wanaijua. LMMS ni ya kutunga midundo, haituhusu. Ocenaudio ya Wabrazili ni nzuri na rahisi, na kwa hiyo haina la kuhadhiriwa.

Na sasa Audacity, maskini.

Nasema maskini kwa sababu kila mtu anayo. Ilianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, kwa mikono ya Dominic Mazzoni na mwalimu wake Roger Dannenberg, ikatolewa kwa umma mwaka 2000, na tangu siku hiyo ni ya bure kwenye Windows, kwenye Mac na kwenye Linux. Imamu anayo, mwalimu wa chekechea anayo, vijana wa redio za mtandaoni pale karibu na Ngome wanayo. Kitu alichonacho kila mtu hakiwezi kumpa mtaalamu heshima. Hilo ndilo pingamizi langu la kwanza.

La pili ni fitina ya mwaka 2021. Kampuni iitwayo Muse Group iliichukua Audacity, kisha ukatoka waraka wa faragha uliosema taarifa fulani za mtumiaji zaweza kukusanywa na hata kupewa vyombo vya sheria. Dunia ikawaka. Watu wakaunakili msimbo wakaanzisha Audacity za jina jingine. Kampuni ikafafanua, ikarekebisha maneno, moto ukapungua. Mimi nilikuwa mbele katika kulaani, mpaka khalati mmoja, yuko roshani pale, aliponikumbusha kwamba kwenye baraza hii habari za mtu hukusanywa bila idhini yake tangu enzi za Mreno, na hakuna aliyewahi kubandika waraka wa faragha ukutani.

La tatu ni la kiufundi, na hapa naomba kalamu zitoke. Zamani mradi wa Audacity ulikuwa vitu viwili: faili dogo lenye mkia wa aup, na folda kando yake lenye mamia ya vipande vya sauti. Faili lile dogo halina sauti ndani, lina maelezo tu ya wapi sauti ilipo. Kijana mwingine wa Majengo alihariri kasida kwa wiki nzima, akalitia faili dogo katika flashi, akaja nalo mbio Ndia Kuu usiku wa kuamkia Maulidi. Tukalifungua. Tukapata kimya kilichopangwa vizuri sana. Tangu toleo la 3.0 la Machi 2021, mradi wote ni faili moja, aup3, na misiba ya namna hiyo imepungua. Lakini faili hilo bado ni la Audacity peke yake. Usimtumie mtu aup3 ukadhani umempa wimbo. Wimbo ni WAV au FLAC kwa kuhifadhi, na MP3 kwa kusambaza. Na ukimtumia mtu kwa WhatsApp, utume kama hati, usiutume kama ujumbe wa sauti, maana huko utabanwa mpaka Juma Bhalo asikike yuko chini ya mto.

Kuhusu kubana, pana ubishi mwingine. Kijana aliniuliza arekodi kwa kipimo gani. Binamu yake alimwambia kilohezi 192, biti 24, kwa kuwa ndiyo namba kubwa kuliko zote katika orodha. Namba kubwa mimi nazipenda, sifichi. Lakini hesabu ni hesabu: kaseti ya dakika 60 kwa kipimo hicho yala karibu gigabaiti 4, na faili la WAV la kawaida hukomea hapohapo kwenye 4. Kwa kilohezi 44.1 na biti 16, kipimo cha CD, kaseti hiyohiyo yala megabaiti mia sita na kitu. Na kilohezi 44.1 hubeba sauti mpaka kilohezi 22, ambapo sikio zuri la kijana hukomea 20, na kaseti ya kawaida ikifika 15 imejitahidi. Ukichukua 192 kwa kaseti ya harusi, umehifadhi kwa uaminifu mkubwa kitu ambacho hakikuwemo. Chukua 44.1 au 48, biti 24 ukiweza, ili upate nafasi ya kupandisha sauti bila kupandisha vumbi. Maneno haya niliyasema kwa sauti ya chini, kwa kuwa yanampunguzia mtaalamu kazi.

Tumefika kwenye uwanja ambako jina langu lilijengwa: kusafisha.

Audacity ina chombo cha kupunguza kelele, na kina hatua mbili. Kwanza waichagulia sehemu fupi yenye kelele peke yake, ile shiii ya kaseti kabla wimbo haujaanza, waiambia: hii ndiyo kelele, ijue sura yake. Pili wachagua wimbo mzima, waiambia: kila ukiiona sura hiyo, ipunguze. Kompyuta haijui muziki. Yajua kile ulichoinyooshea kidole.

Mimi kwa uzoefu wangu nikamwelekeza kijana achague sehemu yenye kelele nyingi kuliko zote. Akachagua vigelegele. Chombo kikafanya kazi yake kwa utiifu wa kutisha: vigelegele vikafifia, na pamoja navyo likafifia kila kitu kinachokaa juu kule vilipo vigelegele. Taishokoto likatoweka. Mnalijua taishokoto, kinanda kile chenye vitufe na nyuzi, kilichobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, kikasafiri kikaja kuolewa katika taarabu ya Mombasa. Kimevuka Bahari ya Hindi, kimepita vita viwili vya dunia, kimekufa mikononi mwetu saa nane mchana. Sauti ya mwimbaji ikabaki ikipiga mbizi, yaingia na kutoka majini. Kelele ya kaseti ni kama doa kwenye kanzu: ukizidisha dawa, doa latoka na tarizi yatoka. Wengine barazani hapa waliita jambo hilo uharibifu. Nimewaandikia jibu la kurasa sita kwamba ni tafsiri mpya ya wimbo, na wimbo sasa ni wa kisasa zaidi.

Binamu naye akaleta fikra ya pili. Akasema, katika kaseti ya Zein mna sauti "zisizonyooka", kwa nini tusizinyooshe kwa Auto-Tune? Auto-Tune ilibuniwa na Andy Hildebrand, mtu aliyekuwa akitumia hesabu za mawimbi kutafuta mafuta ardhini, akaiuza kwa wanamuziki mwaka 1997. Hesabu ilikuwa nzuri: yapima urefu wa sauti, yaisukuma ikae kwenye noti iliyo karibu. Kwenye kinanda cha Kizungu noti ni kumi na mbili, hakuna ya kumi na mbili na nusu. Sasa udi hauna vituo shingoni. Kidole chakaa popote kinapotaka. Na mwimbaji akiwa katika maqam ya Bayati, noti ya pili ya ngazi hukaa baina ya vitufe viwili vya kinanda, hapo hasa, kwa makusudi, na huo ndio utamu unaowafanya wazee watikise vichwa. Auto-Tune ikifika hapo yaiona noti imepotea, yaishika mkono, yairudisha barabarani. Tukaijaribu mbele ya watu. Mzee mmoja aliyekuwa akipiga udi zamani, aliyekuja barazani kunywa kahawa tu, akainuka, akatafuta viatu vyake, akaenda zake bila kuaga. Nimeandika katika daftari langu kwamba jaribio lilipokewa kwa hisia kali.

Tuktuk hiyo ipite kwanza. Hezi mia na hamsini, na ekzosi imetoboka. Haya.

Basi baada ya wiki nzima ya utafiti, kompyuta ikiwa na programu saba za sauti na nafasi ya kuweka picha tatu, natoa uamuzi wangu. Mwenye Linux, mwenye kaseti, mwenye haja ya kurekodi, kukata, kupunguza kelele kwa kiasi na kutoa faili: atumie Audacity, toleo la 3 kwenda juu. Siku atakapokuwa na kundi zima la wapigaji, kila mmoja na maiki yake, ahamie Ardour, au Reaper akiwa na dola 60 au hana haya. Najua mwasema Audacity kijana alikuwa nayo tangu siku ya kwanza, binamu alipomtilia Ubuntu. Alikuwa nayo, ndiyo, lakini alikuwa nayo bila mhadhara.

Na matokeo yake ni haya. Kaseti ya kwanza, tuliyoirekodi siku ya Jumatatu, ilitoka nzito, haina ukali, maneno ya Bhalo yamefunikwa shuka. Nikamwamuru kijana aongeze sauti za juu kwa ekwalaiza, desibeli sita, kisha tisa, kisha kumi na mbili. Kilichopanda ni shiii. Tukabadilisha programu mara tatu, na kila programu ikatoa uzito uleule, jambo lililonithibitishia kwamba programu zote za Linux zina ila moja ya siri.

Jumatano jioni akapita yule fundi, mkononi ana pamba, kijichupa cha spiriti na bisibisi ndogo ya saa. Nikadhani kaitwa kumtibu mtu kidonda. Akaifungua redio-kaseti, akasugua kitu fulani ndani mle, pamba ikatoka na rangi ya kahawia, rangi ya chai ya maziwa. Akatia kaseti, akaipiga, akainamisha sikio, akazungusha kiskrubu kimoja kulia kidogo, kushoto kidogo, mpaka sauti ikafunguka, kisha akakiacha. Hakutazama kompyuta hata mara moja. Akadai shilingi mia, akaenda kuswali.

Kaseti ya pili tuliirekodi Alhamisi. Wallahi, taishokoto lasikika kila uzi. Bhalo yuko chumbani. Yule mwenye kuuliza pilau imefika wapi, sasa twajua ni nani, na amekanusha. Na programu tuliyotumia siku hiyo, mabibi na mabwana, ilikuwa ile niliyoichagua mimi. Utafiti umethibitika.

Maswali, mafupi tafadhali.

La kwanza, kutoka roshani: je, mwenye simu tu, asiye na kompyuta? Mama yangu, hilo ni somo la mhadhara wa mwezi ujao, na utakuwa mrefu.

La pili: fundi ametumia spiriti gani? Sijui kwa nini watu wanauliza mambo ya pembeni. Muulizeni mwenyewe, meza yake iko kichochoro cha pili.

La tatu, wewe kijana: kaseti thelathini na nane zilizobaki uzianze na ipi? Anza na zile zenye ukungu, mkanda wake unaendelea kuharibika. Izungushe kila moja mbele mpaka mwisho na nyuma mpaka mwanzo kabla ya kuirekodi, ilegee. Sauti ikipanda, isiguse nyekundu. Ile nakala ya kwanza isiyosafishwa iweke kando, usiiguse kamwe, hata mimi nikikuamuru. Haya yote alinong'ona fundi akiwa mlangoni, nayatoa hapa kwa idhini yangu.

Vyeti vya kuhudhuria viko kwa muuza kahawa, shilingi mia mbili, M-Pesa yapokewa. Mwenye cheti anaruhusiwa kujiita Mhandisi Msaidizi wa Sauti kuanzia hapa mpaka Sokoni. Kuvuka hapo ataomba kibali.